Usichome Tena Maganda ya Ndizi, Mama

Bunia, mchana wa mvua

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote ya mtoto kwa aliyemzaa. Barua hii ikikukuta umeketi, vizuri. Ikikukuta shambani, maliza kwanza tuta lako, unawe mikono, uingie ndani na uisome peke yako. Usimpe mtu akusomee, hata kama miwani yako imevunjika tena. Bibi anaamkaje? Bado anakufukuza jikoni kwake na kukuita mkwe mvivu, yeye ambaye hawezi kujigeuza kitandani bila mkono wako? Na goti lako, linakuruhusu kupanda kilima siku ya soko? Huku watoto ni wazima, mume wangu ni mzima, mimi pia namshukuru Mungu. Kuhusu baba, ndiyo sababu nimekaa chini kuandika.

Ningepiga simu, lakini unaijua simu ya huko kwetu. Mpaka mtu apande hadi kanisani ndipo ishike, na kanisani kila anayepita anasimama kusikiliza. Na huku kwangu baba analala chumba cha mbele. Ugonjwa wake umekula mambo mengi lakini masikio haujayagusa. Kwa hiyo naandika, na Kambale dereva ataibeba kwenye lori lake akirudi Butembo, kama anavyobeba vifurushi vyako kuja huku.

Nikupe kwanza habari za mji, maana najua utauliza. Watu wanasema kuna amani, na kweli soko linafunguliwa kila siku. Lakini ni amani ya kulala na viatu miguuni. Juzi gurudumu la lori lilipasuka karibu na soko, na kabla moshi haujatoweka wanawake wote tulikuwa tumekwisha kukunja maturubai yetu. Mimi nilikimbia na beseni la samaki kichwani, kiatu kimoja nikakiacha. Baadaye tulichekana sana, ila nilipofika nyumbani nilifunga mlango kabla sijatua beseni. Biashara yangu ni ile ile, samaki wa chumvi kutoka ziwani Kasenyi. Nyumba nzima inanuka chumvi, mapazia, nguo za watoto, hata Biblia. Na ndani ya nyumba hiyo yumo mtu aliyekatazwa kuionja.

Unakumbuka jinsi baba alivyofika hapa. Uliniletea mtu mwenye miguu iliyovimba kama ya mjamzito, uso umejaa, kichwa kinamuuma kila asubuhi. Nyinyi mlidhani ni uchovu wa shamba. Hospitali wakasema ni tansiyo, yaani nguvu ya damu kupanda, na kwamba tansiyo hiyo imekaa miaka mingi bila mtu kuijua, imeharibu figo zote mbili. Nilikueleza kwa simu kwamba wamempa vidonge na wamemkataza chumvi ya duka. Ukanijibu pale pale: hilo si tatizo, ya kwetu haina ubaya. Wiki iliyofuata Kambale alinikabidhi kifurushi cha kwanza, kimefungwa kwa kamba ya mgomba na lile fundo lako ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifungua bila meno.

Mama, nilifurahi siku ile. Baba alifurahi kuliko mimi. Alikifungua mwenyewe, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Nikaanza kumpikia maharagi na majani ya sombe kwa chumvi yako ya majivu, naye akawa anamaliza sahani na kuomba ukoko wa sufuria. Nikajisifu sokoni kwamba mgonjwa wangu anakula kuliko wazima.

Sasa nitakuambia yaliyotokea, na nakuomba usome polepole.

Mwezi uliopita baba aliamka akasema miguu yake haimsikii. Tulifikiri anatania, maana unamjua. Nikampa kikombe cha chai kikamponyoka mkononi. Mume wangu akamshika kifuani, akaniambia moyo unapiga mara moja, kisha unakaa kama umesahau kazi yake. Tukampeleka hospitali kwa pikipiki, yeye katikati, dereva mbele, mume wangu nyuma amemkumbatia. Mimi nilifuata kwa miguu huku naomba kwa sauti barabarani, sikujali nani ananitazama. Walimchoma sindano, wakamtundikia maji, wakampima damu. Jioni miguu ikaanza kurudi. Alipoweza kusema, neno la kwanza alimwambia muuguzi kwamba kitanda chao ni kigumu kuliko kiti cha kanisani.

Daktari ni kijana wa Aru, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alisema damu ya baba imejaa kitu kinachoitwa potasiamu, na kikizidi mwilini kinaulegeza moyo mpaka usimame. Akaniuliza kama namlisha ndizi mbivu kwa wingi, au maparachichi. Nikakataa, maana hayo alikwisha kunikataza na nilikuwa nimeyafuata. Akatazama karatasi ya damu, akamtazama baba, akatazama ile sahani niliyoileta, iliyokuwa tupu tayari. Ndipo aliponiuliza.

"Mama, wagonjwa yangu yote wanalalamika chakula haina ladha. Muzee yako peke yake ndiye anamalizaka sahani. Unamupikiaka na nini?"

Nami nikamjibu kwa majivuno, kifua mbele. Nikamweleza jinsi unavyokausha maganda ya ndizi na ya maharagi, unavyoyachoma mpaka yawe meupe, unavyopitisha maji kwenye chungu chenye matundu, unavyochemsha maji yale mpaka kibaki kile cha kijivu chini ya sufuria. Nikamwambia hiyo haitoki duka lolote, ni dawa ya wazee, hata wanawake waliojifungua wanapewa. Daktari alivuta kiti, akakaa. Halafu akaniambia kwamba kwa baba chumvi ile ni mbaya kuliko ile ya duka aliyonikataza. Potasiamu yote ya yale maganda inabaki kwenye majivu, na ukichemsha, unaikusanya pamoja.

Nilimchukia, mama. Nakuambia kweli. Nilitaka kumwuliza yeye alikuwa wapi wakati wa vita, barabara ilipofungwa na chumvi ya duka ikawa hadithi, na wewe ukatulisha sote kwa majivu hayo hayo mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kuomba kijiko. Lakini alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na ndiye aliyemrudisha baba. Nikamsikiliza.

Nitakueleza kama nilivyoelewa mimi. Figo hazichuji mkojo tu. Zinalinda pia nguvu ya damu mwilini. Zikihisi damu inakuja kidogo, zinatuma neno kwenye damu, daktari aliliita homoni, na neno hilo linaamsha mengine. Mishipa inajibana. Mwili unashika chumvi na maji, hautaki kuviachia. Nguvu ya damu inapanda. Kwa mtu mwenye afya hilo ni jema, likipita linatulia. Lakini figo zilizougua hazijui tena kupima. Damu inapita vizuri, zenyewe zinaona haipiti, zinapiga kelele tu. Hapa mtaani kwetu tunaye mlinzi wa ghala aliyeona mambo mabaya katika vita. Siku hizi hata mbuzi akipita anapuliza filimbi, na nyumba zote zinafunga milango na kuingiza maji ndani. Nilipomwambia daktari habari za mlinzi huyo, alicheka kidogo akasema ni hivyo hivyo. Kibaya zaidi, nguvu ile ya damu inazipiga figo zenyewe, zinaumia, na zikiumia zinazidisha kelele.

Kidonge anachomeza baba kinalikata neno hilo njiani lisifike. Mishipa inalegea, figo zinapumzika, na kidogo kilichobaki kinadumu. Ila neno hilo hilo ndilo lilikuwa pia linauamuru mwili uitoe potasiamu. Ukilikata, chumvi inatoka, potasiamu inabaki. Kwa mtu mwenye figo nzima hakuna neno, atakojoa itoke. Kwa baba, mlango ni mwembamba tayari, kidonge kimeuegemea, na mimi kila mchana na kila jioni namwagia ndani kijiko cha majivu.

Mama, hapa nakuomba uache kusoma, unywe maji, kisha uendelee.

Nakujua. Sasa hivi umeweka mkono kichwani unasema ni wewe. Usije ukasema kikulacho ki nguoni mwako, kwa sababu si hivyo. Hakuna aliyejua. Wewe hukujua, mimi niliyekuwa nikienda hospitali kila wiki sikujua, na daktari hakuuliza, maana kwao Aru labda hawaipiki hivyo. Maganda yale umeyachoma kwa upendo na hakuna atakayekunyang'anya upendo huo, hata ugonjwa. Lakini lazima uache kuituma.

Ningeweza kuinyamazia habari hii. Ningepokea vifurushi na kuvitupa, na wewe usingejua kamwe. Baba mwenyewe alinikataza kukuambia. Sasa sikiliza kwa nini nimemwasi.

Tuliporudi nyumbani nilimweleza yote, nikamwonyesha nimekitoa kifurushi jikoni. Alinisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza mtu anayetaka kumuuzia ng'ombe mgonjwa. Halafu akasema:

"Mama yako alitulisha ile chumvi mu vita yote, hatukukufa. Leo iko amani, ndiyo itaniua?"

Nilimpikia maharagi bila chumvi, nikaweka kitunguu, tangawizi na pilipili kama daktari alivyonifundisha. Alikula kidogo akasogeza sahani. Kesho yake vile vile. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu hata usipomwuliza hafungui mdomo. Baada ya siku chache nikaona anakula tena, nikamshukuru Mungu, mpaka nilipofua soksi zake. Ndani ya moja alikuwa ameficha chumvi yako, imefungwa vizuri kwenye kipande cha karatasi. Mzee mzima, mama, anaficha chumvi kama mtoto anayeficha sukari. Nilicheka, kisha nikakaa kwenye ndoo nikalia.

Nikamwita mume wangu aseme naye, mwanamume kwa mwanamume. Baba hakukasirika. Alisema kwa utulivu kwamba amemwelewa munganga wa hospitali, chumvi na kidonge havikai katika mwili mmoja. "Basi kama ni kuchagua," akasema, "mi nitaacha kidonge."

Tulidhani ni maneno ya hasira. Juzi nilipogeuza godoro nikavikuta vidonge, ameviweka upande wa ukutani. Hamezi. Asubuhi hii uso umeanza kujaa tena, na pete ya ndoa haizunguki kidoleni.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Aliniambia waziwazi, maana nilimwomba asinifiche. Kidonge hakitamponya baba. Figo zilizokufa zimekufa. Lakini akikimeza, na majivu yakikoma, ana muda, labda wa kutosha kuona mavuno, labda zaidi. Akiacha kidonge, tansiyo itazimaliza figo upesi, na ile mashine ya kusafisha damu hatunayo hapa, ni safari ya ndege ambayo ukoo wetu wote ukijikusanya hautaifikia. Na akiendelea na vyote viwili, moyo utasimama siku moja naye anasubiri chai. Nilitoka pale nikatembea mpaka sokoni, nikauza samaki mpaka jioni. Sikumbuki niliwauzia akina nani.

Kwa hiyo unaona nilipo. Si kwamba hajui. Anajua kuliko mimi. Sikio la kufa halisikii dawa, jirani mmoja aliniambia hivyo, nikakosana naye. Baba si mtu anayetaka kufa. Ila tangu alipoondoka huko, hakuna kinachomfikia kutoka kwako isipokuwa kile kifurushi. Hamuonani, simu inakatika, barua wewe huandiki kwa sababu unasema mwandiko wako ni mbaya. Chumvi ndiyo sauti yako. Anaona kama nikiikata nimemwachisha mke.

Ningekuambia uje. Neno hilo nimeliandika nikalifuta. Nani atamgeuza bibi kitandani? Na ile barabara ya kupitia Komanda, Kambale mwenyewe anasema siku hizi wanasubiri askari wawasindikize, na bado wanapita wakiwa wameinamisha vichwa. Wanaita amani. Sitaki kumpoteza mmoja kwa kumtafutia mwingine dawa. Kaa huko.

Nimefikiri sana nikuombe nini, na kusema kweli bado sijui. Nikikuambia usitume tu, Kambale atafika mikono mitupu na baba atadhani umemsahau. Nikikuambia umwandikie kwamba chumvi inamuua, hataamini, atasema ni mimi niliyekujaza maneno. Kifurushi cha mwisho kilifika jana, Kambale alikitaja mbele yake huku anamsalimu, kwa hiyo anajua kiko ndani. Nimekizika kwenye gunia la samaki. Ananusa, hasemi.

Nisalimie bibi, umwambie mjukuu wake mkubwa anaomba baraka, si matusi, ingawa matusi yake pia nimeyakosa. Nisalimie mjomba mwenye duka la mbao, na mama mdogo aliyenifundisha kusuka, nimesikia kaanza kuumwa kichwa asubuhi. Mwambie asingoje kama baba, akapimwe tansiyo yake mapema. Salamu kwa katekista wetu na wanawake wote wa kwaya. Na kaburi la mdogo wangu wa kiume, ukipita, ling'olee majani kwa ajili yangu.

Ni mimi binti yako, mzaliwa wako wa kwanza,
Masika

Mama, nilikuwa nimekwisha kuandika jina langu na kukunja karatasi. Mvua imepungua, na baba ameita kutoka chumba cha mbele. Alisikia kalamu, au alisikia kimya changu. Nimekwenda nikasimama mlangoni. Ameketi kitandani, ameuelekeza uso ule ulioanza kuvimba kwenye dirisha. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza.

"Uko unamuandikia mama yako? Usimuandikie mambo ya munganga. Muandikie chumvi ilifika, iko muzuri. Na umuulize, ule moshi ya maganda haimuumizi macho? Kama inamuumiza, aache. Mi sitaki aumie juu yangu."

Nimerudi nikakunjua karatasi. Amani au vita, figo au moyo, kwa ajili yake mwenyewe hataiacha chumvi. Kwa ajili ya macho yako ataiacha leo hii.

Mjibu, mama. Chukua kalamu yako, kwa huo huo mwandiko wako mbaya, usimwachie mtu mwingine akuandikie. Mwambie macho yanakuuma.